Mwandiko wa Bibi Herufi

Mkuu wa shule hii tunayoizungumzia alijivunia vitu viwili mbele za watu: mistari na miandiko. Mistari, kwa sababu kila asubuhi watoto mia mbili na zaidi walisimama uwanjani wamenyooka kama waliopigiwa rula, na ndiyo maana kwa siri walimwita Bwana Mstari. Miandiko, kwa sababu kila Jumatatu alisaini maandalio ya masomo ya walimu wote, akadai kwamba hata ukimpa kipande cha karatasi chenye neno moja atakwambia limeandikwa na mwalimu gani, na kama aliliandika akiwa ametulia au ana haraka ya kwenda kunywa chai. Walimu walicheka kwa adabu. Katika hilo la pili hakuwa akijisifu bure, na laiti angekuwa anajisifu bure, aibu hii isingempata.

Shule aliianzisha mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita, kwenye vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Walimu walikuwa wawili: yeye, na mama mmoja aliyemzidi umri kwa miaka kama saba, ambaye hakutaka kufundisha kingine ila darasa la kwanza. Huyo ndiye watoto walikuja kumwita Bibi Herufi. Alikuwa na imani yake kwamba mtoto akiandika vizuri atafikiri vizuri, au angalau atafikiri polepole, na hiyo ni nusu ya safari. Kila mtoto aliyepita mikononi mwake alitoka na a ya mviringo, k iliyosimama wima, na g yenye mkia uliopinda kama ndoano. Hili la kila mtoto lishike, msomaji, maana Mkuu hakulishika. Mkuu alimwita dada. Yeye alimwita Mkuu mbele za watu, na mdogo wangu wakiwa wawili.

Enzi za karakana Mkuu alimjua kila mtoto kwa jina, kwa mzazi na kwa kikohozi. Baadaye shule ikakua. Ikapata ghorofa, geti na ofisi yenye zulia, na Mkuu akaanza kuisimamia shule kwa mafaili. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu alipofundisha kipindi kizima darasani. Akiulizwa, alisema kazi ya nahodha si kupiga makasia.

Mwaka wa kisa hiki alikwenda kwenye semina ya viongozi wa shule binafsi. Alikaa siku tatu, akarudi na cheti, mkoba wa kitambaa na wazo la sanduku la maoni. Seremala akalitengeneza, likatundikwa kwenye korido karibu na maktaba, na juu yake yakaandikwa maneno matatu: Sema Bila Hofu. Asubuhi moja Mkuu alisimama mbele ya shule nzima akatangaza kwamba yeyote mwenye jambo, mwalimu, mzazi au mwanafunzi, aandike, asiweke jina, na hakuna atakayetafutwa. Alilisema mara mbili ili lieleweke.

Maoni yakaja, mengi yakiwa ya kuchekesha. Mmoja alisema chai ya walimu ni maji ya moto yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Mwingine aliomba hotuba za asubuhi zifupishwe, kwani jua nalo lina haki zake. Mkuu alicheka, ila kicheko kilimtoka kwa taabu, na kabla hajakimaliza alikuwa ameshautambua mwandiko: mwalimu wa michezo. Hakumfanya kitu. Lakini tangu wiki hiyo mwalimu wa michezo hakupewa tena nafasi ya kutoa matangazo asubuhi, na hakuelewa kwa nini.

Ijumaa moja mchana, watoto wakiwa wameshaondoka, Mkuu alifungua sanduku akakuta karatasi moja tu, imechanwa kwa uangalifu kutoka kwenye daftari.

"Wageni wakija, watoto kumi na wanne wanawekwa stoo ya michezo," karatasi ilisema. "Wanaambiwa wasitoe sauti. Wageni wakiondoka wanafunguliwa. Naomba kuuliza, hao ni wanafunzi wa shule hii au si wanafunzi?"

Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa. Damu ilimpanda kichwani. Kilichomchoma zaidi ni lile swali la mwisho, maana aliona kejeli ndani yake, kejeli ya mtu mzima anayejua kuuma na kupuliza. Kisha akazitazama herufi zenyewe. A ya mviringo. K wima. G ya ndoano. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, na alijisemea kwa uchungu wa kweli, kwa sababu huyo mwanamke alikuwa amekula naye mkate mkavu nyuma ya karakana.

Sasa, je, Mkuu alijua habari za stoo? Tuseme alijua na hakujua. Kila muhula shule ilikuwa na siku ya wageni, wazazi wanaotafuta shule wakipitishwa madarasani na kuruhusiwa kuwauliza watoto maswali. Miaka miwili nyuma mgeni mmoja alimuuliza mtoto saba mara nane ni ngapi, mtoto akababaika mpaka akalia, na mgeni akaaga bila kuchukua fomu. Jioni hiyo Mkuu alimwambia mwalimu wa taaluma kwamba hataki kuona tena mtoto wa kubabaika mbele ya wageni. Mwalimu wa taaluma alikuwa hodari wa kumvisha Mkuu kilemba cha ukoka, akajibu, "Hilo niachie mimi." Mkuu akamwachia. Tangu hapo wageni wakiuliza, majibu yalishuka kama mvua, na Mkuu hakuuliza hata siku moja wale wa kubabaika wamekwenda wapi. Mtu mwenye macho yake akiamua kutohesabu vichwa, hawezi kusema hakuona.

Nyumbani alimsomea mke wake ile karatasi. Mke wake alikuwa akichambua mchele, akasikiliza bila kuinua kichwa, kisha akauliza kama ni kweli.

"Nini?"

"Hao watoto. Wanafungiwa stoo?"

Mkuu alimwambia hiyo siyo hoja, hoja ni kwamba mtu aliyemwamini amemchimba. Mke wake alichambua mchele ule hadi ukaisha, akainuka akaenda jikoni, na hawakulizungumza tena.

Jumatatu alimwita Bibi Herufi ofisini. Aliiweka karatasi juu ya meza, akaigeuza imwelekee. Bibi Herufi alivaa miwani yake, akaisoma pole pole, na alipofika mwisho hakuinua macho. Ukingo wa mdomo wake ulicheza kidogo, kama mtu aliyeona kitu cha kumfurahisha na cha kumliza kwa pamoja.

"Mwandiko mzuri," akasema.

"Ninaujua mwandiko huu, dada. Miaka ishirini na miwili ninausaini. Nataka nisikie kwako tu."

Bibi Herufi alivua miwani. "Na kama si wangu, utamtafuta mwenyewe?"

"Nitamtafuta hata kama yuko chini ya jiwe. Na akipatikana, hatabaki kwenye shule hii."

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani."

Bibi Herufi aliikunja ile karatasi mara mbili, akairudisha upande wa Mkuu. "Basi ni wangu," akasema.

Mkuu alisikia alichotaka kusikia. Alimweleza kwamba kwa heshima ya miaka yao hatamfukuza kwa barua, watasema ameomba kupumzika. Bibi Herufi aliomba kitu kimoja tu, amalize herufi ya z na watoto wake wa darasa la kwanza, kwani walikuwa wamebakiza hiyo. Alipewa siku mbili. Siku ya pili alasiri alitoka getini na mkoba wake na sanduku dogo la chaki za rangi, na watoto wakaambiwa Bibi amechoka, amekwenda kupumzika.

Kwenye kikao cha walimu Mkuu alitoa taarifa hiyo kwa sauti ya huzuni, akasema mchango wake hautasahaulika. Hakuna mwalimu aliyeuliza swali. Waliinamia madaftari yao, mwalimu wa michezo akiwa ameinama kuliko wote. Tangu siku hiyo sanduku la maoni halikupata hata karatasi moja. Mkuu alikuwa akilifungua kila Ijumaa, akakuta vumbi, na akaliandika jambo hilo kwenye ripoti yake ya muhula kama dalili ya utulivu.

Zikapita wiki saba. Siku ya wageni ilikuwa inakaribia tena, na mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano akaugua homa. Mkuu aliamua kwenda mwenyewe. Kwa upande mmoja alitaka kuonyesha mfano, na kwa upande mwingine, kama tutakuwa wakweli, alitaka walimu wamwone akipita kwenye korido na chaki mkononi.

Watoto walisimama wote kwa mpigo alipoingia, wakamwamkia kwa sauti ya shule nzima. Alitafuta kifutio, akakikosa, akafuta ubao kwa kiganja. Alikuwa hajaandaa somo. Yeye aliyewasainia wengine maandalio miaka yote hiyo hakuwa na andalio lake, kwa hiyo akatoa insha, kama wafanyavyo walimu wasiojiandaa. Kwa kuwa kichwani mwake hapakuwa na lingine wiki hiyo, aliandika ubaoni: Siku ya Wageni Shuleni Kwetu. Mistari kumi na mitano.

Watoto wakainama kuandika, naye akaanza kupita kati ya madawati, mikono nyuma. Kwenye dawati la kwanza aliona g ya ndoano. Akatabasamu, akakumbuka, akaacha kutabasamu. Kwenye dawati la pili akaiona tena, akadhani mtoto anamwiga jirani yake. Alivuka upande wa pili wa darasa. Ndoano. A za mviringo, k zilizosimama wima, daftari baada ya daftari, za wavulana na za wasichana, za wenye kalamu nzuri na za wenye kalamu za kuomba. Alipofika nyuma ya darasa jasho lilikuwa limemlowesha shati.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?" alimuuliza mtoto wa dawati la mwisho, kwa sauti ya chini.

Mtoto alimwangalia kwa mshangao, kama aliyeulizwa nani amemzaa. "Bibi Herufi, Mkuu. Wote alitufundisha yeye."

Watoto thelathini na mmoja, mwandiko mmoja. Madarasa saba, mwandiko mmoja. Shule nzima ilikuwa ikiandika mbele ya pua yake miaka ishirini na miwili, na yeye, bingwa wa miandiko, hakuwahi kuuona, kwa sababu aliyokuwa akisoma ni mafaili ya watu wazima. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, akangoja kipindi kiishe, akayakusanya madaftari, na kengele ya mapumziko ilipolia alibaki humo peke yake akisoma.

Thelathini yalikuwa yanafanana. Wageni huvaa nguo nzuri. Siku hiyo tunaimba. Wageni huuliza maswali na sisi hujibu. Alikuwa ameanza kupumua vizuri alipolifungua la thelathini na moja. Lilikuwa la binti wa fundi cherehani, yule fundi aliyeishonea shule sare zake zote. Mkuu alimjua fundi vizuri, walibishana kuhusu kola kila muhula. Kwamba fundi ana mtoto shuleni alijua pia, ila sura yake hakuijua. Mtoto alikuwa ameandika mistari michache tu, kwa herufi zilizotulia kuliko za wenzake wote:

"Siku ya wageni sisi huwa hatupo. Tunakaa stoo. Stoo ina mipira kumi na tisa, mitatu imepasuka. Mwalimu anasema tusikohoe. Mimi nimejifunza kukohoa ndani ya sweta. Sijui wageni wanavaa nini. Niliuliza kwenye sanduku kama sisi ni wanafunzi wa hapa, kwa sababu Mkuu alisema tuandike bila hofu. Bado sijajibiwa, labda Mkuu ana maswali mengi. Bibi Herufi akirudi nitamuuliza yeye."

Mkuu alifunga daftari. Alilifungua tena kuhakikisha, akalifunga. Kejeli aliyoiona wiki zile zote haikuwemo. Mtoto wa miaka kumi alikuwa hajui kama yeye ni mwanafunzi wa shule anayovaa sare yake, sare iliyoshonwa na baba yake mwenyewe, akauliza, akangoja. Na alipokuwa akingoja alikuwa akimtafutia Mkuu udhuru.

Kisha yakamrudia masikioni yale maneno ya ofisini. Na kama si wangu, utamtafuta mwenyewe? Alielewa sasa kwamba Bibi Herufi hakuwa akikiri. Alikuwa akipima jinsi mtu huyu alivyo hatari kwa mtoto, na alipopata jibu, alijiweka mbele. Mkuu aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Uso ulimwaka, masikio yakamwaka, na ingawa darasa lilikuwa tupu hakuwa na pa kuuweka uso wake.

Isidhaniwe kwamba aliinuka papo hapo akaenda kutubu. Alifikiria kwanza namna ya kuokoka. Daftari angeweza kulitia kwenye mkoba likapotea, madaftari hupotea. Au angemrudisha Bibi Herufi kimyakimya, akampa cheti cha shukrani siku ya kufunga shule, kwa makofi na picha. Aliyapanga hayo yote vizuri, na kila alipofika mwisho wa mpango alikutana na mtoto anayekohoa ndani ya sweta. Mwishowe alimwambia mlinzi anatoka kidogo, akaliweka daftari kwapani, akaenda kwa miguu.

Nyumba ya Bibi Herufi ilikuwa mtaa wa tatu kutoka shuleni. Alimkuta sebuleni anapiga pasi, mlango uko wazi. Bibi Herufi alimkaribisha, akamwita Mkuu ingawa walikuwa wawili tu, na hilo peke yake lilimfanya anywee. Alikataa kiti. Alimpa daftari likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe.

Bibi Herufi alizima pasi, akavaa miwani, akasoma. Alipomaliza alikuwa ameshika kifua.

"Mtoto umemfanya nini?" akauliza.

Mkuu alikuja akiwa amejiandaa kulaumiwa. Alijiandaa kwa machozi, kwa hasira, hata kwa kufukuzwa mlangoni. Hilo hakulitarajia. Mwanamke aliyemjua kuliko karibu watu wote duniani alikuwa anamuuliza kama amemdhuru mtoto, na alikuwa anamuuliza kwa hofu ya kweli.

"Sijamfanya kitu, dada. Hata sijazungumza naye."

"Hujamjibu?"

"Sikujua nimjibu nini. Nimekuja kwako kwanza, kukuomba radhi. Nilikukosea. Nilikudhania."

"Hukunidhania vibaya sana," Bibi Herufi alisema. Alikaa, daftari mapajani. "Mimi stoo niliijua. Mwaka mzima niliijua, wote humo ni watoto niliowafundisha kushika kalamu. Kila siku ya wageni nilijiambia kesho nitakuja nikuambie, mdogo wangu atanisikiliza. Sikuja. Niliogopa, nimezeeka, nilitaka nistaafu kwa amani. Uliponionyesha ile karatasi niliona aibu. Ilipaswa kuwa yangu, na mtoto alikuwa amenitangulia. Ndiyo maana nilikuambia ni yangu."

Mkuu alisimama katikati ya sebule ya watu akilia kama mtoto aliyepoteza viatu, na Bibi Herufi alimwacha alie. Hakumpa kitambaa wala maneno ya kumpoza. Alikwenda chumbani, akarudi na mtandio na viatu vya kutokea.

"Twende," akasema.

Mkuu alijipangusa haraka, akasema darasa la kwanza halijapata mtu wa maana tangu aondoke, ataandika barua leo leo ya kumrudisha. Bibi Herufi alimwambia ahifadhi wino wake, suala la kazi wataliongea siku nyingine au wasiliongee kabisa. Alikuwa anakwenda kumwona mtoto kwa macho yake, kwa kuwa maneno ya Mkuu kwa sasa hayakumtosha. Njiani alitangulia yeye, Mkuu akafuata nyuma na daftari lake, na waliokutana nao wakawasalimia bila kuelewa kinachoendelea.

Walipofika, mapumziko yalikuwa yamekwisha na mwalimu wa taaluma alikuwa akifundisha hesabu darasa la tano. Mkuu alisukuma mlango akaingia. Bibi Herufi alikuwa nyuma yake, na kutoka mbele ya darasa kilichoonekana kilikuwa ukingo wa mtandio na kiatu cha kutokea. Mwalimu wa taaluma aliona Mkuu ameleta mgeni bila taarifa. Hakushtuka. Aliligeukia darasa, akainua kidevu kidogo tu.

Watoto watano wakasimama, wanne kati yao wakiwa wameandika asubuhi ile ile kwamba siku ya wageni wanaimba. Hakuna aliyewaita majina. Walifunga madaftari bila kelele, wakasogeza viti kwa kuvinyanyua ili visikwaruze sakafu, wakaelekea mlangoni vichwa chini. Wa mbele alikuwa msichana mwembamba ambaye tayari alikuwa amevuta shingo ya sweta ikamfika mdomoni.

Mkuu alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yalimkauka yote. Mtoto wa kwanza alishamfikia, akamwamkia kwa adabu, na alikuwa anampita.

"Rudini mkakae," akasema, na sauti ikatoka ndogo. "Hakuna kwenda stoo. Leo wala siku nyingine."

Hawakurudi. Walisimama pale pale walipo, wakageuza macho kwa mwalimu wa taaluma kuona kama ndivyo, na mwalimu wa taaluma akatazama chaki yake. Hapo Bibi Herufi alitokeza kutoka nyuma ya Mkuu, na darasa zima likavuta pumzi. Watoto watano wakamtazama yeye, wakingoja aseme. Alimgusa yule msichana bega, akamgeuza taratibu amwelekee Mkuu, kisha akakaa kwenye moja ya viti vilivyoachwa wazi, mikono juu ya dawati kama mwanafunzi.

Mkuu alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya binti wa fundi cherehani. Magoti yalimlia. Alikuwa karibu kiasi cha kuona sweta ilivyotoboka mahali meno yalipokuwa yakiuma.

"Uliuliza swali kwenye sanduku," akasema. "Niliipata karatasi yako. Jibu ni ndiyo, ninyi ni wanafunzi wa shule hii, wote kumi na wanne, na mimi ndiye niliyefanya msijue. Nilitakiwa nikujibu siku ile ile. Badala ya kukujibu nilimtafuta aliyeandika, nikamfukuza mtu asiye na kosa."

Msichana aliishusha sweta kutoka mdomoni. Alifikiri pole pole, kama alivyofundishwa.

"Ulimfukuza nani, Mkuu?"

Walimu wawili wa madarasa ya jirani walikuwa wameshafika mlangoni. Mkuu alimtazama Bibi Herufi, akaona kwamba hatasaidiwa, akarudisha macho kwa mtoto.

"Bibi Herufi," akasema. "Niliwaambia amekwenda kupumzika. Niliwadanganya."

Alibaki amechuchumaa hivyo hivyo, watoto thelathini na mmoja wakimtazama, akingoja wamwambie kitu.